Mzigo Mrefu Juu ya Gari

Homa Bay, Jumapili, Agosti 1995. Jua kali tangu asubuhi, na sasa upepo wa ziwa unanipindulia kurasa kama mtu anayetaka kusoma kabla sijamaliza. Sina amani.

"Mtu wa kwetu hajui likizo. Mwambie twende tukatembee, atakuuliza ni nani amekufa."

Hayo ni maneno ya bwana mmoja mwenye safu katika gazeti la kila wiki. Alikuwa ametoka kutalii nchi ya mbali, na kwa majuma mengi alitusimulia pwani yake, mashamba ya zabibu alikoonjeshwa mvinyo katika glasi ndogondogo, na miji ya vumbi ya bara, ambako kila kijiji kina bango la kumkaribisha mgeni. Kisha akatugeukia sisi. Akasema Mwafrika husafiri akisukumwa na shida tu. Kwamba starehe ya kwenda mahali kwa ajili ya kupaona hatunayo, wala hatutakuwa nayo.

Nilimjibu. Nilimjibu kwa barua ndefu kuliko safu yake, na gazeti likaichapa yote. Nilimkumbusha kwamba babu zake walitembeleana miezi mizima kabla hajazaliwa mtu wa kuuza tiketi. Nilimwambia kwamba anayedhani matembezi yalivumbuliwa na kampuni za ndege amesoma vitabu vichache na kuvielewa vichache zaidi. Watu walinipongeza ofisini Nairobi. Nilijipongeza pia.

Halafu nikaamua kumthibitishia kwa magurudumu.

Nilipanga ziara ya wiki moja: Migori na Homa Bay, nyumbani kwetu, lakini nikiwa mtalii. Nitakuwa na pwani yangu, ya Ziwa. Nitakuwa na nchi yangu ya mvinyo, yaani miwa ya Awendo na busaa ya akina mama wa huko. Na miji ya bara nitakuwa nayo, Ogwedhi kwenye mnada wa ng'ombe, Magunga kando ya mbuga. Nitamchukua Baba. Nitaandika makala ya pili, na bwana yule ataomba radhi.

Baba alikuwa dereva wa lori hadi macho yalipoanza kumsumbua. Hakuna barabara ya huku ambayo hakuipita. Nilipomweleza mpango wangu pale kwake Uriri alicheka, akasema, "Nyara, mahali pote hapo nimepita. Sijawahi kusimama." Nyara kwa Kijaluo maana yake ni "binti yangu". Ananiita hivyo hata ninapomkasirisha, na ninamkasirisha mara nyingi.

Aliomba kitu kimoja tu. Alitaka tufike kisiwani Mfangano kwa dada yake, Waya Akeyo (waya kwetu ni shangazi), akae ndani ya nyumba yake kama mgeni, ale samaki, aondoke. Alikuwa ameshafika huko mara nyingi, lakini kila mara kwa mazishi: kwanza ya shemeji yake, kisha ya watoto wa dada yake, mmoja baada ya mwingine, wote vijana, wote wakitoka Nairobi wakiwa wamekonda kwa ugonjwa ambao hakuna aliyeutaja wakati wa kusoma wasifu. Katika mazishi wanaume hulala nje kwenye moto. Kwa hiyo Baba alikuwa amelala kwa dada yake miaka yote hiyo bila kuwahi kuketi sebuleni mwake. Waya alikuwa ameezeka mabati mapya, amepaka kuta rangi ya samawati. Baba alisikia habari hizo kwa wachuuzi wa samaki, akawa anazirudia kama habari za redio.

Hilo ndilo alilolitaka kwenye ziara yote. Mengine yalikuwa yangu.

Sasa niandike kuhusu mzigo. Rafiki aliniazima hema lenye vyuma virefu. Niliongeza godoro la sponji na viti vya kukunja, nikavizungushia vyote turubai la kijani, nikafunga kwa kamba juu ya stesheni wagoni yangu. Ulikuwa mzigo wa urefu wa mtu.

Kila anayesoma haya na ametoka kwetu ameshaelewa. Mimi sikuelewa. Mimi niliyesoma kila kitu.

Baba aliuzunguka mzigo ule siku ya kwanza, akakohoa, akasema ungeingia ndani ya gari tukilaza viti vya nyuma. Nikamwambia viti vya nyuma ni vya kuonea mandhari. Akasema basi tumtume mtu Mfangano atangulize salamu. Nikamwambia mtalii hatangulizi salamu, mtalii hutokea. Nilikuwa na hoja tatu. Alizisikiliza zote, akafunga mlango.

Nilishinda. Huwa nashinda.

Kizuizi cha polisi kilikuwa cha kwanza kutuambia ukweli. Askari alikwisha kuinua mkono wa kutusimamisha, akaona juu ya gari, akaushusha. Akavua kofia.

"Pita, madam. Mungu awape nguvu."

Baba alisubiri tufike mbali. "Nusu ya maisha yangu niko kwenye barabara hii," akasema, "na leo ndiyo siku ya kwanza askari kunivulia kofia." Tulicheka hadi nikapunguza mwendo. Niliona ni kichekesho kizuri cha kufungulia makala.

Ogwedhi ilikuwa siku ya mnada. Wamasai wameteremka na mifugo yao, Wakuria na Wajaluo wamejaa na fimbo zao, vumbi limesimama kama ukuta. Hapa, nilijiambia, ndipo miji ya bara ya yule bwana inapopata mwenzake. Baba alisimama mbele ya fahali mmoja mweusi, mpana wa kifua, akamtazama kwa furaha ambayo sijaiona usoni mwake muda mrefu. Mwenye ng'ombe akasogea. Akatutazama, akatazama gari.

"Mzee, hii ndio ya matanga. Imenona. Itatosha watu yote."

"Sinunui," Baba akasema. "Naangalia tu."

"Unaangalia?" Yule mtu akawageukia wenzake. "Skieni huyu! Mzee, ng'ombe si sinema!" Wakacheka. Kisha mmoja wao, mkubwa kidogo, akamkemea, akamwonyesha gari letu kwa kidevu. Yule mwuzaji akamshika Baba mkono. "Pole, mzee. Nitakutolea bei ya chini."

Nikaingilia kati. Nikawaeleza kwamba hakuna aliyekufa, kwamba lile ni hema, kwamba tuko likizo. Walinisikiliza kwa upole ule watu wanaompa mwanamke ambaye huzuni imemchanganya.

Awendo nako, kwa mama mpika busaa, nilitaka tuonje kidogokidogo, kama yule bwana na glasi zake. Mama alitumiminia, akaketi karibu yangu, akaniuliza kwa sauti ya chini mazishi ni lini na kama tumeshapata mtu wa kutupikia kinywaji, maana yeye anaweza kujaza pipa tukimwahi. "Watu wa Nairobi mnachelewanga kuagiza," akanilaumu. "Kila wiki nawaambia."

Kila wiki. Nililiandika neno hilo siku ile ile, nikalipigia mstari, nikafikiri nimeandika juu ya biashara yake.

Magunga palikuwa pazuri na pakimya. Tuliona twiga upande wa mbuga, na Baba aliniambia kwamba miaka yote ya lori alikuwa akiwaona kwa pembeni ya jicho tu, kwa kuogopa kuchelewesha mzigo. Tulikaa chini ya kivuli cha gari hadi akachoka kuwatazama. Hiyo ndiyo saa moja ya likizo ya kweli tuliyoipata. Mwanamke aliyepita na kuni alitua mzigo wake, akasimama akilitazama turubai, akajitwika tena, akaenda.

Sikumweleza. Nilikuwa nimechoka kueleza.

Jana asubuhi tuliacha gari Mbita tukapanda boti ya kwenda Mfangano. Mwenye boti na vijana wake waliuteremsha mzigo kutoka juu ya gari bila mimi kuwaambia washike wapi. Waliushika kichwani na miguuni. Ndivyo nilivyowaza baadaye: kichwani na miguuni. Waliulaza katikati, kwa urefu. Baba akamwomba mmoja augeuze uwe wa kukingama, yule kijana akamjibu kwa heshima kuu, "Mzee, tumezoea." Abiria walikuwa wanawake wa biashara, wakirudi na unga na sabuni. Walipotuona walishusha sauti. Mmoja akampa Baba nafasi yake kule nyuma kabisa, mbali na mzigo, na mwenye boti akamvisha koti lake la mvua kwa sababu maji yalikuwa yanaruka. Kofia ya koti ikamfunika uso.

Katikati ya ziwa, mwanamke mmoja alianza wimbo wa kanisani. Taratibu, bila kumtazama mtu. Wengine wakamfuata.

Ningesema neno moja tu, wangeacha. Mimi ambaye nimewahi kumkatiza mchungaji katikati ya mahubiri! Mimi ambaye siwezi kuacha kosa la mtu lipite hata kwenye sherehe ya harusi! Nilikaa pale na miwani yangu ya jua na kitambaa changu kichwani, nimekunja mikono, nimenuna. Nilikuwa nimewaeleza wachuuzi wa ng'ombe na mpika busaa. Nikasema moyoni, acha waimbe, wajinga hawa, wataona tukifika.

Tulifika tukiimbiwa.

Waya Akeyo alikuwa ufukweni akigeuza omena, dagaa wa ziwani, kwenye nyavu za kukaushia. Nilimwona kabla hajaniona. Aliinua kichwa kwa ajili ya wimbo. Alitazama turubai, kisha akanitazama mimi, na akanitambua. Bintiye kaka yake, kutoka Nairobi, amekaa kando ya mzigo. Yeye hakuhitaji kuambiwa zaidi. Watoto wake walikuja hivyo hivyo, katika turubai, katika boti, na wimbo.

Alipiga nduru. Aliingia majini na nguo zake, mikono juu ya kichwa, akiita, "Owadwa! Owadwa yooo!" Kaka yangu. Akaanza kumsifu kama wanavyosifiwa waliokufa: dereva wa barabara ndefu, aliyeleta sukari wakati wa njaa, aliyemwacha, sasa nani amzike yeye. Wanawake wote wa ufukweni wakampokea, na sauti ikapanda mlimani, na juu kule watu wakaanza kuteremka mbio.

Baba alisimama. Boti iliyumba. Akavuta kofia nyuma.

"Akeyo! Mimi hapa. Ni mimi."

Nilidhani atafurahi. Kweli nilidhani hivyo, kwa sekunde moja nilidhani huu utakuwa mwisho mzuri wa makala yangu.

Waya alisimama na maji kiunoni. Alimtazama Baba, uso wake haukubadilika. Kisha akatazama turubai.

"Basi ni nani?" akauliza.

Nikajibu mimi, kwa mikono. Mzigo ulipoteremshwa mchangani nilifungua kamba mbele ya watu wote. Vyuma vya hema vikalia. Godoro likajikunjua. Viti vya kukunja vikaanguka chini, vyenye mistari myekundu na myeupe. Wasichana wawili walishindwa kujizuia, wakacheka hadi wakashikana. Wanawake wa boti hawakucheka. Yule aliyeanzisha wimbo alifunika mdomo kwa kanga na kuondoka na unga wake.

"Hema," Waya akasema. "Umekuja kwangu na hema. Nyumba yangu ina nini?"

Sikuwa na hoja hata moja.

Kisha shemeji yake Waya, ndugu wa marehemu mumewe na mkubwa wa boma lile, aliteremka na fimbo yake. Hakuwa mkali. Alimsalimia Baba, akamshukuru Mungu kwa uzima wake, akasema kwamba mtu aliyekwisha kuliliwa na nyumba haingii katika nyumba hiyo siku hiyo. Angeingia, angekuwa anaingia na kilio chake. Arudi kwake kwanza, alale chini ya paa lake, ale chakula chake. Siku nyingine aje, ametanguliza salamu.

Hapo ndipo ulimi wangu ulirudi. Nilimwuliza hiyo ni sheria ya nani, imetoka wapi, na ni lini kosa la mtu kuwa hai likawa kubwa kuliko undugu. Nilimwambia Waya amelia kwa makosa, na makosa hufutwa. Nilisema vizuri. Watu wa gazetini wangenipigia makofi.

"Nyara," Baba akasema. "Hapa si gazetini."

Akavichukua viti vyangu viwili, akavifungua mwenyewe, akaviweka pale kwenye mchanga. Kimoja chake, kimoja cha dada yake. Waya alikwenda kubadili nguo zilizolowa na kupika. Alirudi na samaki, ngege mzima, kwenye sahani, na ugali umefunikwa, ameubeba kutoka juu kilimani hadi chini kwa sababu mgeni wake hakuweza kupanda. Walikula pale, ziwa mbele yao, nyuma yao mabati mapya yakiwaka jua. Kutoka pale alipokaa, Baba aliweza kuona paa tu.

"Hiyo rangi," akamwuliza, "umepaka mpaka ndani?"

"Mpaka ndani. Na kuna kochi."

"Kochi."

"La watu watatu. Kitambaa nimefuma mwenyewe. Hujalikalia, mjinga wewe."

"Mtoto wangu amenileta na kiti changu," Baba akasema, akagonga mkono wa kiti. Waya alicheka kwa mara ya kwanza, na alipofika mwisho wa kicheko akawa analia, na Baba akaendelea kula kwa sababu ndivyo alivyoweza kumsaidia.

Nilikaa mchangani nikiwatazama. Watu hawa wawili walikuwa wamesubiri mlo mmoja ndani ya nyumba moja, wala hawakuhitaji ziara wala makala. Kilichohitajika ni salamu zilizotangulia. Nilikuwa na wiki nzima ya kuzituma kwa wachuuzi wa samaki wanaovuka kila siku.

Wakati wa kuondoka Waya alimwagiza mwenye boti auvushe ule mzigo ukiwa umefunguliwa, kila kitu peke yake. Alimshika Baba mikono miwili. Hakumwambia kwaheri. Kisha akanigeukia.

"Wewe utarudi," akaniambia, bila hasira. "Na najua utakuja na nini."

Ndilo neno nililovuka nalo ziwa. Ndilo ninaloandika leo.

Maana bwana wa gazeti aliona sawa, na hilo linaniuma kuliko nitakavyokiri popote nje ya daftari hili. Watu wetu wanauliza ni nani amekufa. Kila mahali tuliposimama waliuliza. Lakini sababu yake ni uongo mtupu, na hapo simwachii hata inchi moja. Hawaulizi kwa sababu hawajui starehe. Wanauliza kwa sababu miaka hii, kila Ijumaa, sisi wa mjini ndio tunaowafundisha swali hilo. Tunaleta turubai, tunakula ng'ombe, tunasoma wasifu usiotaja ugonjwa, na Jumapili tunarudi kazini. Wametuona mara ngapi tukija na mzigo mwingine? Mpika busaa aliniambia waziwazi, nami nikaona ni kichekesho.

Kesho asubuhi nitampeleka Baba Uriri. Sasa hivi yuko uani mwa hoteli hii, nyuma ya gari. Amelaza viti vya nyuma kama alivyotaka tangu mwanzo, ameingiza hema na godoro, na viti vya kukunja amesema atavipakata mwenyewe. Juu ya gari hakuna kitu. Anapangusa paa kwa kitambaa, polepole, ingawa ni mimi niliyelichafua. Nilipomwuliza kama anataka tujaribu tena Mfangano mwezi ujao alisema, "Tukijaliwa." Yeye si mtu wa kusema tukijaliwa. Ni dereva; siku zote alikuwa akitaja siku na saa.

Hili ni daftari langu, lakini sijui kuandika bila kumnyooshea mtu kidole. Kwa hiyo nawaambia nyinyi, wana na mabinti wa Migori na Homa Bay mlioko Nairobi, Nakuru na Mombasa, nyinyi mnaochanga upesi kwa jeneza na polepole kwa nauli ya kutembea: nendeni nyumbani kabla ya Krismasi. Msingoje simu. Tangulizeni salamu kwa mtu anayevuka. Pelekeni sukari. Msifunge chochote juu ya gari. Ingieni ndani, kalieni kochi, sifuni rangi ya ukuta, kuleni mpaka mama amalize chungu, na mwanamke akija mlangoni amejishika kichwa kuwauliza ni nani amekufa, mjibuni mkiwa mmeshiba:

Hakuna. Tumekuja kukaa.